Usalama Kazini Si Hisani ya Mwajiri

Ndugu wasikilizaji, pita asubuhi na mapema mbele ya jengo lolote linaloinuliwa mjini, iwe Dar es Salaam, Mwanza au Dodoma. Utawakuta vijana wamesimama nje ya uzio wa mabati wakisubiri mnyapara atoke kuchagua vibarua wa siku hiyo. Aliyechaguliwa huvua shati lake zuri, huvaa la kazi, na muda si mrefu utamwona ghorofa ya tatu au ya nne, anatembea juu ya mbao zilizogongelewa kwenye mirunda, karai la zege liko begani na kandambili ziko miguuni. Ukimuuliza mnyapara kwa nini kijana yule hana viatu wala kofia ngumu, mara nyingi jibu huwa fupi: "Hakulazimishwa. Amekuja mwenyewe."

Jibu hilo ndilo ninalotaka tulizungumze juma hili. Kwa kulisikia haraka haraka linaonekana lina ukweli. Kijana hakufungwa kamba. Ameyaona mazingira, ameijua hatari, akakubali ujira. Sasa Serikali inaingilia nini? Kwa nini pawepo sheria nzima, yenye wakaguzi na faini, kuhusu jambo ambalo watu wazima wawili wamekwisha kukubaliana?

Napenda kueleza kwamba sheria za usalama na afya kazini, hapa kwetu na kwingineko duniani, zilitungwa kwa sababu ya jibu hilo hasa. Ziliandikwa baada ya watu kutambua, tena kwa gharama kubwa ya damu, kwamba ridhaa ya mtu mwenye njaa si ridhaa kamili.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1837 mahakama ya Uingereza ilisikiliza shauri la kijana aliyeitwa Priestley, mtumishi wa muuza nyama aliyeitwa Fowler. Kijana huyo alitumwa kwenda na mkokoteni uliozidishiwa mzigo. Ukavunjika njiani, naye akaumia vibaya. Akamshitaki tajiri wake. Awali alipewa fidia, lakini majaji wa juu waliitengua. Hoja yao ilikuwa kwamba mtumishi halazimiki kuhatarisha maisha yake. Angeweza kukataa kupanda. Tena, walisema, yeye aliweza kuujua ubovu wa mkokoteni sawasawa na bwana wake.

Mnaona, ndugu wasikilizaji? Ni maneno yale yale ya mnyapara wetu, ila yamevalishwa joho la jaji. Kwa miaka mingi baada ya hapo, mfanyakazi aliyekatwa mkono na mashine aliambiwa kwamba alikwenda mwenyewe. Wakati huo huo, hata hivyo, upepo mwingine ulikuwa umekwisha kuanza kuvuma. Mwaka 1833 Bunge la Uingereza lilikuwa limepitisha sheria ya viwanda iliyoweka mipaka ya saa za watoto katika viwanda vya nguo, na kwa mara ya kwanza ikateua wakaguzi wa Serikali. Walikuwa wanne tu kwa nchi nzima yenye maelfu ya viwanda. Wachache mno, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa: kuanzia siku hiyo, yaliyotendeka ndani ya kuta za kiwanda hayakuwa tena siri ya mwenye kiwanda.

Marekani nayo ilijifunza kwa moto. Tarehe 25 Machi 1911, kiwanda cha blauzi kilichoitwa Triangle, kilichokuwa kwenye ghorofa za juu za jengo moja mjini New York, kiliwaka. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Ngazi za zimamoto hazikufika katika ghorofa walizokuwamo wafanyakazi. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji, na baadhi yao walijirusha madirishani huku umati ukitazama. Mmoja wa waliotazama kutoka barabarani alikuwa mwanamke aitwaye Frances Perkins. Alishiriki katika kazi ya uchunguzi iliyofuata, ambayo ilizaa sheria mpya za viwanda katika jimbo la New York, na mwaka 1933 aliteuliwa kuwa Waziri wa Kazi wa Marekani. Mlango wa dharura ambao leo lazima usifungwe kwa kufuli wakati watu wamo kazini umo katika vitabu vya sheria kwa sababu wako waliokufa nyuma ya mlango uliofungwa.

Huenda mtu akasema hizo ni habari za kale. Basi na tuitazame ya karibu. Tarehe 23 Aprili 2013, nyufa kubwa zilionekana katika jengo la Rana Plaza, nje kidogo ya jiji la Dhaka, Bangladesh. Jengo hilo lilikuwa na ghorofa nane, na za juu zilikuwa zimeongezwa bila kibali halali. Chini palikuwa na maduka na tawi la benki. Juu palikuwa na viwanda vya kushona nguo. Mhandisi aliitwa, akatazama, akasema jengo si salama. Siku ya pili yake wafanyakazi wa benki hawakuingia kazini. Maduka hayakufunguliwa. Lakini washonaji waliamriwa wapande juu waendelee na kazi, na baadhi yao walitishwa kwamba watapoteza mshahara. Kabla ya saa tatu asubuhi jengo lote liliporomoka. Waliokufa hawakupungua 1,134.

Hebu tulitafakari hilo. Jengo ni lile lile, ufa ni ule ule, na kila mtu aliuona. Karani wa benki na mshonaji wote wawili walikuwa na macho na wote wawili walipenda kuishi. Tofauti yao ni kwamba mmoja alikuwa na mwajiri aliyemwambia abaki nyumbani, na mwingine hakuwa na mtu wa kumwambia hivyo wala nguvu ya kukataa. Kujua hatari hakukumsaidia. Kilichomkosesha maisha ni kwamba hakuwa na uwezo wa kusema "leo siingii" na kesho yake bado akawa na kazi.

Hapo ndipo lilipo kusudi kuu la sheria hizi. Zinauondoa usalama katika mambo ya kupatana. Mwajiri na mwajiriwa waweza kupatana ujira, saa na likizo; lakini hawawezi kupatana kwamba msumeno utazunguka bila kinga, hata kama mwajiriwa mwenyewe ametia sahihi.

Sasa tuje nyumbani. Wakati wa ukoloni, Tanganyika ilipata Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950, iliyofuata nyayo za sheria za Uingereza. Ilisimama kwa muda mrefu, zaidi ya nusu karne. Upungufu wake mmoja mkubwa ulikuwa katika jina lake lenyewe: ilitazama viwanda. Mkulima wa shambani, muuguzi wa hospitali, mtunza ghala na karani wa ofisini walikuwa nje ya uzio wake.

Mwaka 2001 Serikali iliunda Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambao wengi wenu mnaufahamu kwa jina la OSHA. Miaka miwili baadaye ikapitishwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, iliyochukua nafasi ya ile ya 1950. Zanzibar ilitunga ya kwake mwaka 2005, na jirani zetu Kenya mwaka 2007. Angalieni mabadiliko ya jina: kutoka "viwanda" hadi "mahali pa kazi". Si pambo la maneno. Maana yake ni kwamba shamba ni mahali pa kazi, machimbo ni mahali pa kazi, hospitali, hoteli, gereji na ghala vilevile.

Sheria hiyo inataka nini? Kwa ufupi, inagawa wajibu. Mwajiri lazima asajili mahali pake pa kazi. Lazima azitambue hatari zilizopo na kuzidhibiti. Lazima awafundishe wafanyakazi wake namna ya kufanya kazi bila kuumia, awape vifaa vya kujikinga pasipo kuwatoza, awapeleke kupimwa afya, na atoe taarifa ajali inapotokea. Lazima wawepo wawakilishi wa usalama na afya kutoka miongoni mwa wafanyakazi wenyewe. Mfanyakazi naye ana wajibu: kutumia vifaa alivyopewa, kufuata maelekezo, kutoharibu kinga, na kutoa taarifa anapoona hatari. Kati yao anasimama mkaguzi. Huyu ana mamlaka ya kuingia, kuuliza, kupima na kuagiza marekebisho. Na akiona hatari ni kubwa na iko karibu, anaweza kuzuia kazi isiendelee mpaka hatari iondolewe.

Napenda kukaa kidogo juu ya jambo moja ambalo wengi hulielewa kichwa chini miguu juu. Tukisikia "usalama kazini" mara moja mawazo yetu huenda kwenye kofia ngumu, glovu, buti na miwani. Mwajiri akishanunua hivyo hujiona amemaliza. Kumbe katika elimu ya usalama, vifaa vya kuvaa ndivyo hatua ya mwisho kabisa, si ya kwanza.

Chukueni mfano wa msumeno wa mviringo katika karakana ya mbao. Swali la kwanza ni je, hatari yaweza kuondolewa kabisa, kwa mfano kwa kununua mbao zilizokwisha kupasuliwa? Kama haiwezekani, je, yaweza kutumika mashine nyingine iliyo salama zaidi? Kama haipo, je, meno ya msumeno yaweza kufunikwa kwa kinga ya chuma, mkanda unaozungusha ukazibwa, na swichi ya kuzimia ikawekwa pale mkono unapofika? Baada ya hapo ndipo tupange kazi: nani anaruhusiwa kuiwasha, kwa zamu ya saa ngapi, amefundishwa na nani. Mwisho wa yote ndiyo miwani ya kuzuia vumbi na vipande. Kifaa cha kuvaa hakiondoi hatari. Kinasimama kati ya hatari na mwili, na kikichanika, mwili ndio unaobaki. Tena karibu na msumeno unaozunguka glovu yenyewe yaweza kunaswa na kuuvuta mkono ndani. Kwa hiyo mwajiri anayegawa glovu na kuacha msumeno wazi hajatimiza kusudi la sheria, hata kama ana stakabadhi za glovu hizo.

Jambo la pili linalosahaulika ni neno "afya" lililo katika jina la sheria. Ajali hupiga kelele. Jengo likianguka tunatangaza redioni, viongozi wanafika, tume inaundwa. Lakini maradhi ya kazi huja kimya kimya. Shirika la Kazi Duniani linakadiria kwamba karibu watu milioni tatu hufa kila mwaka duniani kutokana na kazi, na kati yao takriban milioni 2.6 huuawa na maradhi, wala si ajali. Kwa kila anayeangukiwa au kunaswa na mashine, wako kadhaa wanaozimika polepole nyumbani kwao, tena mara nyingi baada ya kustaafu, na hakuna anayeuliza walikuwa wakifanya kazi gani.

Mchimbaji anayetoboa mwamba na mama anayeponda kokoto huvuta vumbi laini lisiloonekana kwa macho. Vumbi hilo huacha makovu ndani ya mapafu, na makovu hayo hayana dawa ya kuyafuta. Mapafu yaliyoharibika hivyo hushikwa kwa urahisi na kifua kikuu. Walio katika mashamba ya mkonge kule Tanga wanaijua korona, nayo si ule ugonjwa wa juzi, bali mashine ya kukamulia mkonge, na wanakijua chumba cha kupigia brashi singa zilizokauka, jinsi vumbi linavyoelea hewani humo. Fundi wa kuchomelea vyuma anaujua usiku ule wa kulala macho yakimwasha kama yametiwa mchanga. Na anayefanya kazi penye mashine zenye kelele hupoteza usikivu kidogo kidogo, bila maumivu, hata siku moja mjukuu anamsemesha na yeye hasikii. Kipimo rahisi ni hiki: ikiwa unalazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, basi kelele ya hapo imezidi.

Ndiyo sababu sheria inataka mfanyakazi apimwe afya anapoanza kazi, aendelee kupimwa, na apimwe tena anapoondoka. Wengine hudhani kipimo hicho ni cha kumtafutia mtu sababu ya kumfukuza. Hapana. Kinaweka kumbukumbu. Kama uliingia machimboni mapafu yako yakiwa mazima na ukatoka yakiwa na makovu, karatasi mbili hizo zinasema kwa niaba yako jambo ambalo mdomo wako peke yake hautaaminiwa.

Je, sheria hizi zimeleta tofauti yoyote? Ni haki kuuliza, maana sheria nzuri zilizolala kabatini tunazo nyingi. Tutazame kwanza kwa wenzetu wenye kumbukumbu za miaka mingi. Marekani ilipitisha sheria yake kubwa ya usalama na afya kazini mwishoni mwa mwaka 1970. Wakati huo wastani wa wafanyakazi 38 walikuwa wakifa kazini kila siku. Mwaka 2023 wastani ulikuwa kama 15 kwa siku, ingawa idadi ya wafanyakazi imekuwa karibu maradufu. Sitasema ni kazi ya sheria peke yake. Mashine zimeboreka, tiba imeboreka, na kazi nyingi za hatari zimehamia nchi nyingine, pengine hata kwetu. Walakini ni vigumu kuamini kwamba mashine zingeboreshwa kwa kasi hiyo kama mwenye kiwanda angeruhusiwa kununua ya hatari kwa bei ya chini.

Bangladesh nayo, baada ya Rana Plaza, vyama vya wafanyakazi na makampuni makubwa yanayonunua nguo yalitia sahihi mkataba unaowabana kisheria. Wahandisi wa kujitegemea wakakagua viwanda zaidi ya 1,500, milango ikabadilishwa, nguzo zikaimarishwa, na viwanda vilivyokutwa katika hali mbaya kabisa vikafungwa. Funzo lake ni kwamba nchi yenye umaskini si lazima iwe nchi yenye vifo. Kilichokosekana hakikuwa elimu ya ujenzi. Alikosekana mtu mwenye mamlaka ya kufunga mlango wa kuingilia.

Hapa kwetu badiliko moja kubwa limekuwa katika fidia. Zamani aliyeumia alidai kwa mwajiri wake mmoja mmoja, kwa viwango vilivyopangwa enzi ambazo shilingi ilikuwa na thamani nyingine, na mwajiri akifilisika au akihama, madai yalikwenda naye. Kwa sheria ya mwaka 2008 ukaundwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Waajiri wote wanachangia, nao ukimlipia aliyeumia matibabu, ukimlipa anapokuwa hawezi kazi kwa muda, na ukitoa pensheni kwa aliyepata ulemavu wa kudumu au kwa wategemezi wa aliyefariki. Na ifahamike: mchango huo ni wa mwajiri. Mfanyakazi hakatwi hata senti moja kwa ajili ya mfuko huo. Ukiona umekatwa, uliza.

Lakini fidia, ndugu wasikilizaji, huja baada ya mkono kwenda. Hakuna pensheni inayoota vidole. Ndiyo maana fidia na kinga ni lazima viende pamoja, na kinga itangulie.

Hapo sasa tufike penye uchungu. Chini ya mwezi mmoja kabla ya Rana Plaza, yaani tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36, wakiwamo watoto waliokuwa wakicheza jirani. Sheria ya 2003 ilikuwapo. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo lililojaa maduka Kariakoo likaanguka na kuua watu zaidi ya 25, wengi wao wakiwa mahali pao pa kutafutia riziki. Sheria ilikuwapo. Basi tatizo si kwamba hatuna maandishi.

Tatizo la kwanza ni kwamba sehemu kubwa ya watu wetu hufanya kazi mahali ambapo mkaguzi hapiti: karakana za uchochoroni, machimbo ya wachimbaji wadogo, mashamba ya familia, saiti za wenye nyumba binafsi. Huko hakuna mkataba wa ajira wala daftari la ajali. Kibarua wa siku moja akianguka anapelekwa hospitali kwa bodaboda, na kesho yake mwingine anapewa karai lile lile. Tatizo la pili ni usalama wa ukutani: cheti kimetundikwa ofisini, vizima moto vimepangwa siku ya ukaguzi, kofia zimegawiwa asubuhi na kukusanywa jioni mgeni akishaondoka. Na la tatu ni woga. Mwakilishi wa usalama anayeogopa kuachishwa kazi ni sawa na kengele isiyo na ulimi.

Wako waajiri, hasa wadogo, wanaolalamika kwamba mambo haya yana gharama. Ni kweli, na si vizuri kuwabeza. Kinga ya mashine inanunuliwa, mafunzo yanachukua saa za kazi, vipimo vya afya vinalipiwa. Lakini swali la haki ni hili: mashine isiyo na kinga, je, haina gharama? Inayo. Ila hailipwi dukani. Analipa kijana aliyekatika vidole akiwa na miaka 22. Analipa mama yake anayeuza mbuzi ili amuuguze. Analipa mdogo wake anayeacha shule. Hulipa hospitali ya Serikali, yaani mimi na wewe. Gharama ilikuwapo tangu mwanzo. Sheria inachofanya ni kuirudisha kwa yule anayepata faida ya mashine na mwenye uwezo wa kuizuia.

Isitoshe, sheria hiyo hiyo inamlinda mwajiri mwema. Tuseme wako makandarasi wawili wanaoomba kazi moja. Mmoja ameweka ndani ya bei yake majukwaa imara, kofia na mafunzo. Mwingine ameviacha vyote. Pasipo mkaguzi, wa pili atashinda kila mara kwa bei ya chini, na wa kwanza ama atafilisika ama atajifunza kuwa mbaya. Sheria ikisimama sawasawa, ushindani unabaki kwenye ufundi na si kwenye kuhatarisha watu.

Basi tufanye nini sisi wenyewe, huku tukidai wakaguzi zaidi na faini zenye uzito? Unapoajiriwa, uliza mwakilishi wa usalama ni nani. Kama hakuna, uliza kwa nini. Mkiwa kwenye chama cha wafanyakazi, liwekeni suala hili kwenye majadiliano sambamba na mishahara. Kila jambo lililonusurika kuwa ajali, tofali lililoanguka bila kumgusa mtu, waya uliotoa cheche, lisemwe na liandikwe, maana ajali kubwa mara nyingi hutanguliwa na ndogo zilizopuuzwa. Ukiumia, hata kidogo, hakikisha imeandikwa siku hiyo hiyo. Na wewe unayejenga nyumba yako, usidhani maneno haya hayakuhusu. Siku unapoita vibarua wanne kwako, kiwanja chako kimekuwa mahali pa kazi.

Aidha tukumbuke haki moja ambayo dunia imekwisha kuikubali. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi anayejiondoa mahali ambapo ana sababu ya msingi ya kuamini kwamba maisha au afya yake iko katika hatari kubwa iliyo karibu, asiadhibiwe kwa kufanya hivyo. Na mwezi Juni 2022 shirika hilo liliyaweka mazingira salama na yenye afya kazini katika orodha ya haki za msingi, pamoja na haki ya kuunda vyama na kukatazwa kwa kazi za kulazimishwa na utumikishaji wa watoto. Nchi zote wanachama zinabanwa kuiheshimu. Hilo ndilo washonaji wa Rana Plaza walilolikosa asubuhi ile: haki ya kubaki nje ya mlango na bado wakawa wafanyakazi.

Kwa hiyo, utakapopita kesho penye lile jengo na kumwona kijana na karai lake na kandambili zake, na mnyapara akakuambia kwamba amekuja mwenyewe, mjibu kwa upole tu. Ni kweli amekuja mwenyewe. Amekuja kuuza nguvu zake za siku moja. Miguu yake, macho yake na mapafu yake havikuwamo katika bei.

Nawatakieni kazi njema, na jioni mrudi nyumbani wazima.